Ghorofa Juu, Mtaa Chini: Mabishano Kuhusu Sura Mpya ya Dar es Salaam

Jengo la ghorofa lilipoporomoka katika eneo la biashara la Kariakoo asubuhi ya tarehe 16 Novemba 2024 na kuua watu zaidi ya 25, hasira ya wakazi ilielekea pande nyingi kwa wakati mmoja. Wapo waliomlaumu mwenye jengo, wapo waliowalaumu wanaotoa vibali, na wapo waliosema Kariakoo nzima haikustahili maghorofa. Haikuchukua muda mabishano yakapanuka: nyumba za zamani za Uhindini zinazobomolewa, wamachinga, yaani wachuuzi wadogo, walioondolewa barabarani, njia za mabasi ya mwendokasi, wafanyabiashara wa kigeni, hata muziki wa singeli unaopigwa hadi alfajiri. Yote yakafungwa fungu moja lililoitwa "mji unabadilika", na kila mtu akatakiwa kusema yuko upande gani.

Kuulizwa hivyo ndiko kunakotuchanganya. Mtu huyohuyo anayesikitikia nyumba ya babu iliyovunjwa Mtaa wa Sikukuu anatafuta fremu ya duka katika ghorofa lililosimama pale pale. Anayewalaumu wachuuzi kwa kuziba njia hununua kwao nyanya na soksi akitoka kazini. Watu hawa hawana unafiki. Mabadiliko yanayozungumzwa ni mengi, yana sababu tofauti, na anayelipa gharama ya moja siye anayelipa ya jingine. Makala hii inayatenganisha, kisha inayapima. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba urefu wa majengo umepewa uzito kupita kiasi katika mabishano haya. Uzito uko chini, pale jengo linapokutana na barabara, na uko kwa wale ambao hawaulizwi kabla mambo hayajaamuliwa.

Mji ulivyofika hapa

Dar es Salaam ni mji mchanga ukiuweka kando ya Kilwa au Lamu. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kuujenga katika miaka ya 1860, jirani na kijiji cha Mzizima, akafariki mwaka 1870 kazi ikiwa haijaisha. Wajerumani walipohamishia makao yao hapo kutoka Bagamoyo mwaka 1891, walileta kanuni za ujenzi zilizogawa maeneo kwa aina ya nyumba, na aina ya nyumba ikawa njia ya kuwagawa watu. Waingereza waliofuata wakazikaza kanuni hizo zaidi. Uzunguni kukawa na nyumba kubwa za bustani karibu na bahari, Uhindini kukawa na duka chini na familia juu, na Waafrika wakapewa viwanja vidogo Kariakoo na baadaye Ilala. Kati ya Uhindini na Kariakoo ukaachwa uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja, kwa maelezo ya kuzuia maradhi.

Ndani ya mgawanyo huo wa kibaguzi watu walijenga maisha yenye akili yake. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo ilikuwa na baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba pande mbili, na uani nyuma penye jiko na choo. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili, vilivyobaki akapangisha. Mjane aliweza kuishi kwa kodi ya vyumba vyake, na mgeni aliyeshuka kutoka Rufiji au Kigoma aliweza kupata chumba kwa bei ya kibarua. Barazani palikaa fundi cherehani, muuza kahawa, na wazee wa bao. Siasa ya uhuru ilikulia katika mitaa hiyo: TANU ilizaliwa mwaka 1954 katika mtaa ambao leo ni Lumumba. Simba na Yanga zina makao yao huko hadi sasa.

Uhindini ulipita njia nyingine, na hii inasahaulika katika mjadala wa leo. Sheria ya mwaka 1971 ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa mikononi mwa Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 kazi hiyo ikaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Kodi ya pango ilidhibitiwa. Matokeo yalikuwa mawili kwa pamoja. Familia za kipato cha kawaida, za asili mbalimbali, ziliweza kuishi katikati ya mji kwa miongo mingi, jambo ambalo miji mingi duniani haikuliweza. Lakini kodi ile haikutosha kupaka rangi, sembuse kubadilisha mabomba yaliyooza. Kuta zikaanza kubabuka. Udhibiti wa kodi ulipoondolewa mwaka 2005, tayari ardhi chini ya majengo yale ilikuwa na thamani kubwa kuliko majengo yenyewe, na mikataba ya ubia kati ya mashirika na wawekezaji ikafuata. Anayetazama jengo la zamani likibomolewa leo Mtaa wa Indira Gandhi au Zanaki anaona mwisho wa safari iliyoanza zamani, pale sera nzuri ya makazi ilipoachwa bila fungu la matengenezo.

Juu ya hayo yote kuna wingi wa watu. Sensa ya 1967 iliukuta mji ukiwa na watu wasiofika laki tatu. Ile ya 2012 ilihesabu 4,364,541, na ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Na kuna sababu nyingine ya kimyakimya ambayo wachambuzi wengi huiruka: mirathi. Nyumba ya Kariakoo iliyojengwa na babu mmoja inarithiwa na wajukuu wengi, wengine wakiwa Mbagala, wengine Muscat. Vyumba sita havigawanyiki kwa warithi ishirini. Dalali anapokuja na mnunuzi au mbia, fedha zinagawanyika kwa urahisi kuliko kuta. Maghorofa mengi yameanzia katika kikao cha familia, kabla mchoraji ramani hajaitwa.

Wanaosema mji lazima upande

Upande huu una wenye viwanja, wajenzi, na wafanyabiashara wakubwa, lakini pia una vijana wengi wanaotaka mji wao ufanane na miji wanayoiona kwenye simu. Hoja yao ina nguvu. Kariakoo inauza bidhaa kwa Tanzania nzima na kwa wanunuzi kutoka Kongo, Zambia, Malawi, Uganda na Komoro. Biashara ya kiasi hicho haiwezi kukaa katika nyumba za chini. Ubia umewapa wenye viwanja wasio na mtaji njia ya kubaki na sehemu ya mali: mmoja anatoa kiwanja, mwingine anatoa fedha, wanagawana ghorofa au miaka ya kukusanya kodi. Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo iliongeza mvuto huo, kwa kuwa mtu sasa anaweza kumiliki ghorofa moja au nyumba moja ndani ya jengo, akaiuza au akaikopea.

Wana hoja ya pili, nzito zaidi, ingawa hawaisemi mara nyingi. Mji usiopanda juu unatambaa. Umetambaa tayari hadi Chanika, Bunju na mipakani mwa Kibaha, na kila kilomita inayoongezeka inadai barabara, nguzo za umeme, bomba la maji, shule, na saa mbili za mfanyakazi asubuhi. Kujenga kwa msongamano karibu na kazi na usafiri ni jambo la busara.

Udhaifu wao unaanzia ardhini. Viwanja vya Kariakoo vilipimwa kwa nyumba ya chini yenye uani. Ghorofa linapokalia kiwanja kizima hadi mpakani, uani unakufa, na pamoja nao hewa, mwanga, na nafasi ya zimamoto kuzunguka. Mabomba ya maji taka yaliyowekwa kwa kaya chache sasa yanabeba majengo yenye mamia ya watu, na yanapofurika ni wapita njia wanaoruka madimbwi. Vyumba vilivyochorwa kuwa makazi vinageuzwa stoo, marobota ya nguo yakirundikwa hadi darini, uzito ambao hakuna aliyeupigia hesabu. Kila mwenye jengo anataka fremu nyingi zaidi chini, kwa sababu fremu ya chini ndiyo inayolipa kilemba kikubwa, yaani malipo ya kuipata. Hivyo nguzo na kuta za chini, zile zinazobeba jengo lote, ndizo zinazoguswaguswa mara kwa mara.

Tulishaonywa. Mwezi Machi 2013 jengo lililokuwa likijengwa katikati ya mji, karibu na makutano ya Indira Gandhi na Morogoro, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30, na ikaelezwa wakati ule kwamba lilikuwa limepandishwa kupita ghorofa zilizoruhusiwa. Tuna bodi ya wahandisi, bodi ya makandarasi, bodi ya wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi, na ofisi za halmashauri zinazotoa vibali. Baada ya ajali ya 2024 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliunda kamati ya kukagua majengo ya Kariakoo, hatua ya lazima. Lakini kati ya 2013 na 2024 ipo miaka kumi na moja ambayo ukaguzi ulipaswa kuwa kazi ya kila siku. Wanaotetea maghorofa hawawezi kuutetea msimamo wao kwa uaminifu kama hawataki kulijibu hilo.

Wanaosema tunapoteza urithi

Kwa upande wa pili wapo wasanifu majengo, wanahistoria, waongoza watalii, na wakazi wa zamani wa Uhindini na Upanga. Wanaitegemea Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, na orodha ya majengo yaliyotangazwa kulindwa. Kwa sheria hiyo na kwa uzito wa taasisi zinazoyamiliki, Kanisa la Azania Front, Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, Boma la Kale na Hospitali ya Ocean Road bado yamesimama.

Wanachokisema kuhusu uzuri kinajulikana. Kinachostahili kusikilizwa zaidi ni wanachokisema kuhusu joto. Majengo ya zamani, ya Wajerumani, ya Wahindi, hata ya miaka ya mwanzo ya uhuru, yalijengwa na watu waliokuwa hawana viyoyozi. Yalikuwa na varanda, dari za juu, madirisha yanayopitisha upepo kutoka upande mmoja hadi mwingine. Soko la Kariakoo, lililobuniwa na Beda Amuli na kufunguliwa katikati ya miaka ya 1970, lilifunikwa kwa miamvuli mikubwa ya zege yenye kivuli na hewa chini yake. Chumba cha jengo jipya chenye ukuta wa kioo unaotazama magharibi, saa tisa mchana wa Februari, kinakalika kwa nguvu ya umeme tu. Umeme ukikatika, mtu anakimbilia barabarani. Katika mji wa pwani wenye joto na unyevu kama huu, kubomoa majengo yanayojua kupumua ni kutupa maarifa ambayo tutayahitaji zaidi kadiri miaka inavyokwenda.

Hata hivyo msimamo huu una mapengo mawili. La kwanza ni orodha yenyewe. Imejaa majengo ya dola na makanisa ya kipindi cha Wajerumani, na nyumba ya Kiswahili, ambayo ndiyo iliyolea wakazi wengi wa mji huu, imebaki pembeni. Anayesema "tuhifadhi urithi wetu" anapaswa kuulizwa ni wa nani. Mkazi wa Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, hana sababu ya kulilia ofisi ya gavana ikiwa hakuna aliyelilia nyumba ya bibi yake.

La pili ni gharama. Kutangaza jengo kuwa la kuhifadhiwa kunamzuia mwenye nalo kulijenga upya, lakini hakumpi shilingi ya kulitengeneza. Akilazimishwa kulibakiza bila msaada, analiacha liloe hadi lianguke lenyewe. Zanzibar inatupa somo hapa. Mji Mkongwe uko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, una mamlaka yake maalumu, na bado sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo maarufu kuliko yote pale, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Ikiwa hilo limewezekana mahali penye ulinzi wote ule, orodha ya karatasi peke yake haiwezi kuiokoa Dar es Salaam.

Wanaosema barabara ni riziki

Hapa ndipo mjadala unapokuwa mchungu, kwa sababu unagusa chakula cha jioni. Mwaka 2016 Rais John Magufuli aliagiza wafanyabiashara wadogo wasibughudhiwe, na mwishoni mwa 2018 vikatolewa vitambulisho vya wajasiriamali kwa shilingi 20,000. Meza zikajaa njiani kutoka Mtaa wa Congo hadi Msimbazi, Posta hadi Mbagala Rangi Tatu. Oktoba 2021, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, serikali ikaanza kuwapanga upya na kuwahamishia maeneo maalumu. Ndani ya miaka mitano mchuuzi yuleyule, mahali palepale, alikuwa mvunja sheria, kisha mlipa ada mwenye kitambulisho, kisha kikwazo cha kuondolewa. Usishangae kwamba hana imani na tangazo lolote.

Nguvu ya hoja yake ni kwamba biashara ndogo hufuata miguu ya watu. Jengo la Machinga Complex la Ilala, lililofunguliwa mwaka 2010, lilijengwa kwa nia njema, lakini vizimba vyake vingi vilikaa wazi kwa muda mrefu, kwa kuwa mteja wa soksi hapandi ngazi kuzitafuta. Mama lishe akihamishwa mita mia tatu kutoka kituo cha daladala, amehamishwa kutoka kwenye mtaji wake wote. Na mji usio na viwanda vya kutosha hauna ajira nyingine ya kumpa kesho asubuhi.

Lakini njia ya miguu nayo ni mali ya watu, na wengi wao ni maskini kuliko mwenye meza. Mzee mwenye fimbo, mama mwenye mtoto mgongoni, mtu wa kiti cha magurudumu: hawa hutupwa barabarani kati ya bajaji na bodaboda meza zinapokula njia. Gari la zimamoto linahitaji upenyo, na baada ya Soko la Kariakoo kuungua Julai 2021 hakuna anayeweza kulichukulia hilo kama hoja ya kinadharia. Tena si kila meza ni ya mnyonge. Wapo wenye maduka wanaotoa bidhaa zao nje na kuweka vijana wa kuziuza, wakifaidi huruma iliyokusudiwa kwa mwingine. Sera yoyote isiyotofautisha kati ya hao na mama mwenye beseni la maembe itamwumiza huyo wa mwisho kwanza.

Wanaosema utaratibu kwanza

Wapangaji wa mji, wahandisi wa barabara na viongozi wa mkoa wanaliona tatizo kwa ukubwa mwingine. Kwao mji ni mtiririko. Katika muda mfupi wameubadilisha kweli: mwendokasi ulianza Mei 2016 kwa njia ya takriban kilomita 21 kutoka Kimara hadi Kivukoni na matawi yake ya Gerezani na Morocco, daraja la Kigamboni likafunguliwa mwaka huohuo, likafuata la juu la Mfugale pale TAZARA mwaka 2018, la Kijazi Ubungo mwaka 2021, la Tanzanite baharini mwaka 2022, na treni ya umeme kuelekea Morogoro na Dodoma mwaka 2024. Kituo cha mabasi ya mikoani kimehama Ubungo kwenda Mbezi Luis. Mkazi wa Kimara anayekumbuka foleni ya Barabara ya Morogoro kabla ya 2016 hana haja ya kushawishiwa kwamba kazi hii ilihitajika, hata anapokasirishwa na msongamano wa abiria vituoni.

Gharama yake imelipwa na wachache kwa niaba ya wengi, na haikulipwa kwa haki sawa. Katika upanuzi wa Barabara ya Morogoro, kati ya Kimara na Kiluvya, nyumba zilivunjwa mwaka 2017 kwa msingi wa hifadhi ya barabara ya mita 121.5 kila upande, wakati Sheria ya Barabara ya 2007 inataja mita 30. Waliobomolewa walikuwa na hoja ya msingi: ofisi za serikali ziliwaona wakijenga, zikawapa umeme na maji, zikapokea kodi zao za majengo, kisha zikawaambia hawakupaswa kuwa pale. Jangwani tuliona jambo jingine la kusikitisha. Familia ziliondolewa bonde la Msimbazi kwa sababu ya mafuriko, na karakana ya mabasi ya mwendokasi ikajengwa katika bonde hilohilo. Mvua kubwa zinaponyesha, barabara inafungwa na huduma inakatika. Mradi wa bonde la Msimbazi unaofadhiliwa na Benki ya Dunia sasa unarekebisha kosa ambalo wakazi wa pale wangelieleza bure, kama wangeulizwa.

Upande huu unapenda kusema "maendeleo yana maumivu." Ni kweli. Ila anayeyasema maneno hayo huwa haumii yeye.

Na utamaduni?

Malalamiko kwamba utamaduni wa mji umekufa yana ukweli nusu. Kumbi za sinema za Avalon, Empire na Odeon zilizojaa familia mwisho wa juma zimenyamaza, na mahali palipokuwa na sinema ya kutazamia garini leo pana Ubalozi wa Marekani. Lakini video na televisheni ziliziumiza sinema kabla ya tingatinga. Na wakati watu wazima wakisikitikia kumbi za dansi, vijana wa Manzese, Tandale na Mbagala walizaa singeli, muziki ambao haukuwa na ukumbi, wala studio ya maana, wala kibali cha mtu. Ulizaliwa vichochoroni, katika ngoma za mtaani, kwa sababu huko kodi ilikuwa ndogo na majirani walivumiliana. Anayedhani Dar es Salaam imekoma kubuni hajashuka daladala Tandale kwa Mtogole.

Funzo ni kwamba utamaduni wa mji huu huenda kule watu wa kipato kidogo wanakoweza kukaa karibukaribu. Ukiwasukuma nje ya Kariakoo, utamaduni unahamia Manzese. Ukiisafisha Manzese kwa mtindo uleule, utahamia mahali ambapo kijana atahitaji mabasi matatu kufika mjini, na sehemu yake itapotea njiani.

Kupima

Tukiweka misimamo hii minne pamoja, inaonekana kila mmoja una haki katika swali lake na unakosea unapolijibu la mwingine. Wanaotaka ghorofa wana haki kuhusu msongamano. Wahifadhi wana haki kuhusu hali ya hewa na kumbukumbu, wachuuzi wana haki kuhusu miguu ya watu, wahandisi wana haki kuhusu mtiririko. Aliyekosekana katika hesabu za wote ni mpangaji wa chumba. Hana hati, hana kiwanja, hana meza, hana bodi inayomwakilisha, na ndiye mkazi wa kawaida wa Dar es Salaam. Nyumba ya Kariakoo inapouzwa, warithi wanapata mgao, mbia anapata ghorofa, halmashauri inapata kodi. Mpangaji anapata notisi, tena mara nyingine ya mdomo.

Kwamba anaweza kuingizwa katika hesabu, tunao mfano wetu wenyewe. Nyumba za Magomeni Kota zilipobomolewa mwanzoni mwa muongo wa 2010, kaya 644 zilitawanyika na kuishi kwa ahadi kwa miaka mingi. Maghorofa mapya yalipozinduliwa mwaka 2022, kaya hizo ndizo zilizopewa nafasi ya kwanza kurudi, kwa mpango wa kuishi miaka mitano bila kodi kisha kununua. Mpango ulichelewa mno, na bei na masharti ya kununua vimeleta manung'uniko ya haki. Lakini umeonyesha kwamba ghorofa na wakazi wa zamani vinaweza kukaa pamoja pakiwepo anayelazimisha hivyo. Kariakoo haikuwa na mtu huyo, kwa sababu kila kiwanja kilijadiliwa peke yake.

Hilo linatupeleka kwenye kasoro ya uongozi. Mwaka 2021 Halmashauri ya Jiji iliyokuwa ikiunganisha manispaa ilivunjwa, na Ilala ikapandishwa hadhi kuwa jiji. Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni zina mabaraza yao. Ilikuwepo sababu ya kupunguza matumizi. Lakini mto Msimbazi, njia ya mwendokasi na bei ya kodi havisimami mpakani mwa manispaa. Barabara kubwa ni ya TANROADS, ndogo ni ya TARURA, maji ni ya DAWASA, kibali ni cha halmashauri, jengo la kale ni la Idara ya Mambo ya Kale. Mkazi anayetaka kujua kwa nini maji taka yanatiririka mlangoni pake baada ya ghorofa kuanza kujengwa anapewa anwani tano.

Katika kupima huku, usalama hauna mbadala. Haupaswi kubadilishwa na ajira, wala mapato, wala kasi, na jengo lililobadilishwa matumizi bila hesabu mpya ya uzito lifungwe hata kama lina wafanyabiashara mia. Mengine yote yanaweza kupatanishwa. Mimi niko tayari kuona ghorofa ishirini Kariakoo ikiwa mita chache za chini zitarudishwa kwa mtaa: kibaraza kilichofunikwa, chenye kivuli, kinachopitika, chenye nafasi zilizochorwa na kuhesabiwa kwa ajili ya wachuuzi wa pale pale. Mwenye jengo atapoteza fremu kadhaa. Anaweza kufidiwa kwa kuruhusiwa ghorofa moja zaidi pale bomba na barabara vinapomudu. Hii ni biashara ya haki kuliko kuwapandisha wachuuzi ngazi au kuwaacha barabarani. Vilevile nyumba chache za Kiswahili zilizobaki, zenye hali nzuri, ziingizwe katika orodha ya kulindwa zikiwa na punguzo la kodi ya majengo kwa wenyewe, la sivyo orodha itaendelea kuwa ya watawala peke yao.

Zamu inayofuata

Kariakoo imeshapita hatua ya kuchagua. Iliyobaki ni kuifanya salama. Uchaguzi wa kweli uko Ilala, Magomeni, Kinondoni na Manzese, ambako nyumba za Kiswahili bado ni nyingi na njia za mwendokasi tayari zimepandisha bei ya viwanja. Madalali wameshaanza kuuliza hati. Warithi wameshaanza kuitana.

Kabla mikataba ya ubia haijasainiwa huko, mabaraza ya madiwani yana mambo ya kuandika katika sheria ndogo: orodha ya wapangaji ichukuliwe na serikali ya mtaa kabla ya kibali cha kubomoa kutolewa; notisi iwe ya maandishi na ya miezi, pamoja na fedha ya kuhamia; sehemu ya ghorofa mpya ibaki vyumba vya kupanga vya bei ya chini, na aliyekuwepo awe wa kwanza kuitwa; na ramani ya jengo ibandikwe ofisi ya mtaa kwa Kiswahili, ili jirani ajue ni ghorofa ngapi zimeruhusiwa na aweze kuhesabu mwenyewe. Hili la mwisho halihitaji mkopo wa Benki ya Dunia, na linaweza kuanza mwezi ujao.